Plamedie na Ukurasa wa Chanjo

Kila siku ya shule Plamedie aliamka kabla bomba la uani halijakauka. Pale mtaani kwao, Bel-Air, maji yalianza kutoka alfajiri, na ilipofika saa moja asubuhi yalikuwa yamebaki matone tu. Alijaza madumu manne, akafagia uwanja, akawasha makaa kwa ajili ya chai, kisha akavaa sare yake ya bluu na nyeupe. Mama yake, Adolphine, alikuwa muuguzi. Alikunywa chai akiwa amesimama, halafu akapanda pikipiki kwenda Kasungami, ambako alifanya kazi katika kituo kidogo cha afya chenye vyumba vitatu na benchi ndefu barazani.

Baba yake, Clément, alishughulikia hati za malori mpakani Kasumbalesa na alirudi nyumbani Jumamosi tu. Ni yeye aliyeleta kompyuta. Haikuwa mpya, na ilipowashwa ilivuma kama kinu cha kusagia mahindi, lakini iliwekwa mahali pa heshima sebuleni, ikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Plamedie alikuwa na miaka kumi na mitatu, na nyumba nzima ilimwita "mwenye kompyuta".

Mwaka huo siku ya chanjo ilibadilika pale Kasungami. Zamani ilikuwa Ijumaa. Sasa gari lililoleta chanjo ndani ya sanduku la baridi likawa linapita Alhamisi. Dokta Désiré, mkuu wa kituo, alibandika tangazo mlangoni, lakini mvua ya siku mbili ikaliosha mpaka karatasi ikabaki tupu. Wanawake waliolima mbali, ng'ambo ya kijito, hata kabla ya mvua hawakuliona. Habari za kituo waliletewa na watu waitwao relais, yaani majirani waliopewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na kuwakumbusha wazazi siku za kupima watoto na kuwachanja.

"Tukiwa na ukurasa kwenye internet," Dokta Désiré alisema kwenye mkutano, "kila relais atafungua simu yake na kusoma. Hata siku ikibadilika, atajua."

Mama Adolphine akainua mkono. "Mutoto wangu anajifunza informatique. Iko na kompyuta nyumbani. Atatutengenezea."

Plamedie alipoambiwa habari hiyo jioni, alijiona amekua sentimita tano.

Kesho yake alikwenda kwa Kangwa, jirani aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, aliyekuwa na duka la fotokopi kando ya barabara na aliyetengeneza kurasa za mtandao kwa ajili ya shule na wafanyabiashara. Kangwa alimwekea programu mbili kwenye flashi.

"Sikiliza muzuri," alisema, akiendelea kulisha karatasi kwenye mashine. "Hii ya kwanza inakuonyesha ukurasa sawa vile bantu batauona. Unaandika, unaweka picha, unasogeza na kipanya, basi. Hii ya pili ni ya kuandika kode wewe mwenyewe, ile lugha ya alama kompyuta inasoma. Iko muzuri pia, lakini inaomba muda. Anza na ya kwanza."

"Aksanti, Yaya Kangwa."

Plamedie angefanya hivyo, lakini darasani alimweleza David, mvulana aliyeketi nyuma yake. David alicheka mpaka akapiga meza.

"Ile ya kuvuta picha na kipanya? Ile ni muchezo ya batoto badogo ba maternelle! Bantu ba informatique ba kweli banaandika kode."

Wenzao wawili walicheka pia. Plamedie alihisi masikio yakiwaka moto. Aliporudi nyumbani aliifuta ile programu ya kwanza kabla hata ya kuifungua, akabaki na ya pili.

Wiki nzima alipambana nayo. Alinakili mifano kutoka kwenye daftari, akasahau kufunga alama moja, na maandishi yote yakawa mekundu na makubwa kama ya bango la barabarani. Alirekebisha hilo, picha ikapotea. Alirudisha picha, jina la kituo likahamia chini. Siku ya tatu umeme ulikatika kabla hajahifadhi kazi. Mama alipomuuliza, alijibu bila kugeuza kichwa, "Inaendelea, Mama."

Ijumaa ilipofika hakuwa na kitu, na ukurasa ulitakiwa Jumamosi. Hapo ndipo alipouona kwenye internet ukurasa wa kituo kingine cha afya, cha mji wa mbali. Ulikuwa na rangi nzuri, picha za watoto wakipimwa uzito, na jedwali la siku za kazi. Alinakili kode yote, mstari kwa mstari. Akafuta jina la kituo kile na kuandika la kwao. Kwenye jedwali akaweka: Chanjo, Alhamisi. Aliutazama kwenye kompyuta, ukapendeza. Akaupeleka kwa Kangwa kwenye flashi. Kangwa, aliyekuwa na wateja hadi mlangoni, akautupia jicho na kuupandisha mtandaoni.

Siku iliyofuata Dokta Désiré aliufungua kwenye kompyuta ndogo ya kituo. Wauguzi walimzunguka.

"Uliandika hii yote weye peke yako?"

Plamedie alimwona mama yake akitabasamu pembeni. "Ndiyo, Dokta. Kila mustari."

Walimpigia makofi. Alikula maandazi mawili na soda.

Siku kumi na mbili zilipita. Alhamisi moja jioni, mama yake alirudi amechoka. Walikaa kula bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, na mama alikata tonge lake akaliacha mkononi.

"Tulikuwa na mambo mabaya kule kazini," alisema. "Unamujua Mama Mwansa, relais wa ng'ambo ya kijito?"

Plamedie alimkumbuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la parokia. Alipenda kusoma kila kitu kwa sauti: mifuko ya unga, mabango, hata tarehe kwenye chupa za dawa.

"Wiki hii ilikuwa zamu ya bantu bake, akabaambia chanjo iko Jumanne. Bamama kumi na bine balikuja Jumanne na batoto mugongoni, saa nzima ya kutembea, na hakuna hata chupa moya ya chanjo. Leo Alhamisi chanjo iko, bale bamama habakuja. Nani atatembea mara mbili na kuacha shamba? Dokta akamuita Mama Mwansa. Akasema alisoma kwenye ukurasa. Dokta akafungua ukurasa mbele yake: Alhamisi. Yule mama alitazama, alitazama. Akavua gile yake ya relais, ile kizibao ya kazi, akaiweka kwenye meza."

"Halafu?" Plamedie aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Halafu akasema, 'Labda macho yangu haijajua kusoma vizuri bado.' Akaenda zake. Dokta anatafuta muntu mwingine."

Plamedie aliosha mikono na kuomba simu ya mama yake, eti atazame kitu cha shule. Alikwenda uani. Alifungua ukurasa wa kituo. Juu palikuwa na jina lao, picha ikafuata, halafu jedwali. Alisoma mara moja, kisha mara ya pili akiwa ameisogeza simu karibu na uso.

Chanjo: Jumanne.

Alirudi mbio sebuleni, akawasha kompyuta. Kwenye kompyuta ukurasa uleule ulionyesha Alhamisi. Alifungua kode na kushuka nayo polepole, na mbali chini akakuta kile ambacho hakukijua. Yule aliyeuandika ukurasa wa kwanza alikuwa ameweka majedwali mawili: moja la kuonekana kwenye kompyuta, jingine la kuonekana kwenye simu. Yeye alibadilisha lile aliloliona tu. Hili la simu bado lilikuwa na siku ya kituo cha mji wa mbali, na namba ya simu ya huko pia.

Basi Mama Mwansa alikuwa amesoma sawasawa. Relais wengine waliishi karibu na kituo na walisikia siku mpya kwa masikio yao. Yeye peke yake ndiye aliyeutegemea ukurasa.

Plamedie aliweka kidole kwenye neno lile. Neno moja tu. Angelibadilisha, angeomba Kangwa aupandishe tena kesho, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Kila atakayefungua ataona Alhamisi. Na Mama Mwansa atakaa shambani kwake miaka yote iliyobaki akiamini kwamba hajui kusoma.

Alizima kioo cha kompyuta, akaenda jikoni, ambako mama yake alikuwa akifunika sufuria.

"Mama, si Mama Mwansa. Ni mimi."

"Ni weye nini?"

Aliyasema yote, na aliyasema vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma kwa David na programu aliyoifuta, akienda mbele kwa majedwali mawili. Alimwonyesha simu. Mama Adolphine alisoma, akatazama mtoto wake, akasoma tena. Alikaa kwenye kigoda.

"Dokta alikuuliza kama uliandika yote weye mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa pale, nacheka meno inje, nakusifu."

Plamedie alilia. Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alishusha pumzi. "Bon. Afadhali umesema leo. Chanjo ikichelewa siku chache, tunaweza kuchanja batoto bado. Ingekuwa miezi, ingekuwa shida ingine. Sasa muite Kangwa, aondoe ule ukurasa mara moya. Kesho ukitoka masomo, tunaenda Kasungami. Utasema kwa kinywa chako."

Usiku ule Plamedie alilala usingizi mzito, jambo ambalo lilimshangaza asubuhi yake.

Ijumaa mchana walimpitia Dokta Désiré kwanza. Aliposikia habari, alivua miwani na kuipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi pia nina kosa," alisema. "Nilimuonyesha yule mama kompyuta yangu, sikuuliza simu yake inaonyesha nini. Twende wote."

Mama Mwansa alikuwa akimwagilia matuta ya mboga. Alipowaona watatu wakija na gile ya relais mkononi mwa Dokta, alisimama wima, ndoo imening'inia.

"Mama Mwansa, yambo," Plamedie alisema, akapiga goti kidogo. "Nakuja kuomba musamaha. Ulisoma sawa. Kwenye simu ilikuwa imeandikwa Jumanne. Niliiba ukurasa wa bantu bengine, nikadanganya nimeandika mimi, na sikubadilisha yote. Kosa ni yangu, si ya macho yako."

Kabla Kangwa hajauondoa ukurasa, Plamedie alikuwa ameupiga picha kwenye simu ya mama yake. Akaionyesha. Mama Mwansa alipangusa mikono kwenye kitenge, akachukua simu, akaweka kidole chini ya neno na kulipita herufi kwa herufi.

"Ju-ma-nne," alisoma. Akarudia kwa haraka, "Jumanne." Akaketi palepale ukingoni mwa tuta, juu ya udongo mbichi. "Basi macho yangu iko mazima! Tangu jana sijafungua hata kitabu cha nyimbo. Niliogopa. Nilisema labda tangu mwanzo nilikuwa najidanganya, labda sisomi, nakisia tu."

Alicheka, na machozi yakamtoka akicheka, na Mama Adolphine akacheka naye. Plamedie aliona kifua chake kikifunguka kama mtu aliyetua dumu la maji kichwani baada ya kupanda kilima. Halafu Mama Mwansa alimtazama kwa uso uliokauka.

"Umenitia haya mbele ya bantu, mutoto."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini umekuja mpaka hapa. Bakubwa wengi habakuji." Alinyoosha mkono kwa Dokta. "Leta gile yangu."

Jumamosi asubuhi Plamedie alikwenda dukani kwa Kangwa. Alitegemea kugombezwa, na kweli akagombezwa, lakini kwa ufupi.

"Na mimi nilipaswa kuutazama kwenye simu mbele ya kuupandisha," Kangwa alisema. "Sasa kuja uone kintu."

Alimgeuzia kioo cha kompyuta yake. Alikuwa katikati ya kutengeneza ukurasa wa shule moja, na programu aliyotumia ilikuwa ileile ya kwanza, ile ambayo Plamedie aliifuta.

"Yaya! Weye pia unatumia hii?"

"Kila siku. Kode ninaijua, na kuna siku ninaihitaji. Lakini ukurasa ya karatasi moya, ya siku na namba ya simu, juu ya nini nijitese? Nani alikuambia ni ya batoto?"

"Ni bengine ba masomo," Plamedie alijibu.

"Ukichagua programu, usiulize bengine batasema nini," Kangwa aliendelea. "Uliza kompyuta yenu inaweza kuibeba? Yenu ni ya zamani, basi isiwe nzito. Uliza inafanya kazi bila internet? Kwenu connexion inakuja na kuondoka. Uliza unaelewa maneno ya vifungo? Na zaidi ya yote, uliza inakuonyesha simu itaona nini? Hapa, bonyeza hapa."

Plamedie alibonyeza. Ukurasa wa shule ulijikunja ukawa mwembamba, sawa na kioo cha simu. Alibonyeza tena, ukapanuka. Alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Kitu alichokitafuta kwa wiki nzima kilikuwa kitufe kimoja kwenye programu aliyoionea haya.

Alirudi nyumbani na flashi. Baba yake, aliyekuwa amefika kutoka Kasumbalesa asubuhi hiyo na kusimuliwa yote, alivuta kiti akaketi kando. Programu ilifunguka polepole, lakini ilifunguka. Plamedie aliandika jina la kituo. Akaandika siku: kupima uzito Jumatatu, chanjo Alhamisi. Akaweka namba ya simu ya kituo na picha ya baraza na benchi, ambayo mama aliipiga mwenyewe. Hapakuwa na watoto wa mji mwingine. Alitengeneza jedwali moja tu, akalitazama kwa upana wa kompyuta, akalitazama kwa upana wa simu. Lilisema kitu kilekile.

"Iko na rangi kidogo kuliko ule wa kwanza," baba alisema.

"Ndiyo, Papa. Lakini ninajua kila kintu iko wapi."

Jumapili baada ya misa Kangwa aliupandisha. Safari hii Mama Adolphine aliutazama kwenye simu tatu tofauti, ya kwake, ya baba na ya jirani, kabla ya kukubali.

Jumatatu shuleni David aliuliza ukurasa umefikia wapi. Plamedie alimweleza ukweli, hata sehemu ya kuiba. David alikuna shingo.

"Kweli, mi pia sijamaliza hata ukurasa moya wa kode," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo programu, unaweza kunipatia?"

"Kuja nyumbani na flashi."

Alhamisi ile shule ilifungwa kwa mkutano wa walimu, na Plamedie akapanda pikipiki pamoja na mama yake. Kufika saa tatu, benchi ya barazani ilikuwa imejaa, na wengine wamekaa kwenye vitenge chini ya ukuta. Mama Mwansa alikuja mbele ya kundi lake, amevaa gile, simu mkononi kama mwalimu na chaki. Wanawake walikuwa kumi na watatu. Wa kumi na nne, alisema, mtoto wake alikuwa na homa na angepitiwa nyumbani. Sanduku la baridi lilifunguliwa. Watoto walilia mmoja baada ya mwingine, wakanyonyeshwa, wakanyamaza. Saa sita Mama Adolphine aliandika jina la mwisho kwenye kadi na kufunga kalamu.

"Bote bamepata chanjo, kumebaki yule wa homa tu," alisema, na mabega yake yakashuka.

Wakati wa kurudi walitembea kidogo hadi barabara kuu kutafuta pikipiki. Mama alimshika Plamedie bega.

"Nitakuambia mara moya, na sitarudia. Kutojua kode si kosa. Mimi nilipoanza kazi sikujua hata kushika sindano, nikasema sijui, wakanifundisha. Ungesema 'sijui', ungesaidiwa siku ileile. Uliona haya kwa kintu kidogo, ukaficha, na mama wa bantu ndiye akabeba haya yako, na batoto kumi na bine wakangojea. Chukua kazi unayoiweza, ifanye vizuri, itazame mara mbili, na usiseme ni yako kama si yako. Ukikosea, sema haraka, kosa ikiwa bado inaweza kurekebishwa."

"Nimesikia, Mama."

"Na hiyo kode, utajifunza?"

"Ndiyo. Polepole. Yaya Kangwa amesema nije kila Jumatano."

"Vizuri," alisema Mama Adolphine, akainua mkono kusimamisha pikipiki. "Lakini kwanza kesho utaongeza siku ya mafunzo ya lishe kwenye ukurasa. Mama Mwansa anasema bantu bake banauliza."